Uki wa Matinyani na Haki ya Kuikataa Pombe Mbaya

Mwamuzi wa bia anayefuata kanuni za Beer Judge Certification Program, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, hupewa karatasi yenye alama 50. Harufu ina alama 12, sura 3, ladha 20, uzito wa kinywaji mdomoni 5, na 10 zilizobaki ni za hukumu ya jumla. Miongoni mwa bia zinazomtoa jasho mwamuzi huyo ni ile Waingereza waiitayo mvinyo wa shayiri: bia nzito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, tamu inapoingia kinywani na chungu inapoondoka, yenye alkoholi ya asilimia 8 hadi 12. Hainyweki kwa pupa. Huonjwa kwa funda dogo, ikaachwa ipate joto la mkono, ikaonjwa tena. Anayeusoma utaratibu huu akiwa Kenya ni rahisi aamini kwamba kukihukumu kinywaji kikali ni elimu iliyotoka ng'ambo, na kwamba babu zetu walikunywa tu wakalewa. Nadai kwamba sivyo. Katika vilima vya Ukambani, Matinyani ikiwemo, palikuwa na kinywaji kinachoweza kufikia nguvu hiyo, uki wa asali, na palikuwa na watu wenye mamlaka ya kukipima, kukipokea au kukirudisha. Ubora wa uki ulisimama juu ya mamlaka hayo, na uliporomoka pale mnywaji alipopoteza haki ya kuikataa pombe mbaya.

Matinyani iko magharibi ya mji wa Kitui, katika eneo la misimu miwili ya mvua. Mvua za Machi hadi Mei mara nyingi huja pungufu. Za Oktoba hadi Desemba ndizo mkulima huzitegemea zaidi. Katika nchi ya namna hii nafaka haichezewi. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo Wakamba waliipa jina Ngomanisye, iliua watu wengi na kuwasukuma wengine kuhamia nyanda za juu za Wakikuyu. Si ajabu basi kwamba kinywaji cha heshima hakikutegemea mtama wala mawele, vyakula ambavyo kila nyumba ilivilinda ghalani kwa hofu ya msimu ujao. Kilitegemea asali na maji ya muwa. Muwa ulipandwa kwenye mabonde yenye unyevu, kando ya mito ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu juu na maji chini. Asali ilitoka kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na mizinga hiyo ilichongwa alama za wenyewe na za koo zao ili pasiwe na mgogoro siku ya kurina. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wakamba mwaka 1910, na Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, waliikuta mizinga hiyo na wakaikuta pombe hiyo, nao wakaviandika vikiwa sehemu ya maisha ya kila siku, si vituko vya pembeni.

Nguvu ya uki inaweza kukadiriwa kwa hesabu ya kawaida. Asilimia 80 hivi ya asali ni sukari. Ili chachu itoe asilimia 1 ya alkoholi, huhitaji takriban gramu 17 za sukari katika kila lita. Mpishi akiweka gramu 200 za asali katika kila lita ya uki, atakuwa ameweka gramu 160 za sukari, na pombe hiyo ikichacha mpaka mwisho itapita asilimia 9. Akiongeza hadi gramu 250, itakaribia asilimia 12. Huo ndio upeo uleule wa mvinyo wa shayiri. Ni kweli kwamba uki ulinywewa siku chache tu baada ya kupikwa, chachu ikiwa bado inafanya kazi, na kwa hiyo sehemu ya sukari ilibaki ikiwa tamu bila kugeuka alkoholi. Lakini jambo hilo halipunguzi haja ya hukumu, linaiongeza. Kinywaji kinachobadilika kila saa kinamtaka mtu ajue lini kiko tayari: jana kilikuwa maji ya asali, kesho kitakuwa kinaelekea kuwa siki, na katikati kuna muda mfupi ambao ndio wenyewe. Mvinyo wa shayiri ungeweza kumsubiri mwonjaji wake miaka kadhaa ndani ya chupa. Uki haukumsubiri mtu.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote kwamba watu hawa walihukumu kwa ladha, na si kwa ulevi tu, ni tunda la mwegea, mti ambao Wakamba huuita muatine na ambao Wakikuyu wameupa umaarufu kwa jina la muratina. Tunda lake ni refu na zito, linaning'inia kwa kikonyo kama kamba, na likiwa bichi ni sumu. Haliwezi kutiwa ndani ya pombe hivihivi. Hupasuliwa, hukaushwa juani, huchemshwa, maji yake hutupwa, hukaushwa tena. Kisha hulowekwa kwa siku moja hivi katika maji machache ya muwa au asali mahali penye joto, hutolewa, na kuanikwa kwa mara nyingine. Ni baada ya hapo tu ndipo huingia kwenye kibuyu au mtungi wa pombe. Maabara za leo zinatueleza sababu: nyuzinyuzi za tunda ni makao ya chachu, na pamoja nayo huishi bakteria wanaotia ukali wa asidi. Kwa maneno mengine, anayeloweka na kukausha tunda anafuga chachu bila kuiona. Na tunda hilo halitumiki mara moja. Pombe ikiisha, hutolewa, huanikwa, huwekwa, na kurudishwa kwenye pombe nyingine.

Tufikirie maana yake. Mpishi mwenye matunda yaliyopita mikononi mwake mara nyingi analazimika kuamua lipi libaki na lipi litupwe. Hana darubini wala kipimajoto. Chombo chake ni ulimi na pua. Tunda lililotoa uki mzuri linastahili kurudi mtunguni. Lililoipeleka pombe kwenye siki halina sababu ya kutunzwa. Uteuzi wa aina hii, ukirudiwa kizazi baada ya kizazi, ni kazi ileile ambayo viwanda vya bia vya Ulaya vilikuwa vikiifanya kwa kupitisha chachu kutoka pipa hadi pipa, kabla ya Emil Hansen kufanikiwa kutenga aina moja safi ya chachu katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Anayesema kwamba Mkamba hakujali ladha anapaswa kueleza kwanza kwa nini mtu asiyejali angehangaika hivyo na tunda moja. Kama shabaha ingekuwa kulewa peke yake, asali iliyochanganywa na maji na kuachwa kwenye joto huchacha yenyewe, kwa kuchelewa na kwa kubahatisha, lakini huchacha.

Sasa tuje kwa waliohukumu. Jamii ya Wakamba iliwapanga wanaume kwa ngazi: vijana wa kiume, yaani anake, kisha nthele, wenye familia changa, kisha wazee wa kisuka, wazee wa nzama na wazee wa ithembo, ambao ndio walioshika mambo ya sadaka. Kupanda ngazi kulilipiwa mbuzi na uki. Uki ulikuwa pia katika malipo ya ndoa, katika kumaliza kesi mbele ya wazee wa nzama, na katika sadaka mahali patakatifu, ambako sehemu ilimwagwa kwa ajili ya waliotangulia. D. J. Penwill, aliyekusanya sheria za kimila za Wakamba wa Machakos na kuzichapisha mwaka 1951, aliikuta pombe ikiwa bado imefungamana na mambo ya ndoa na ya mashauri. Orodha hii imerudiwa sana na watu wanaopenda kusema pombe ilikuwa kitu cha mila. Wanachokisahau ni kwamba katika kila mojawapo ya nafasi hizo uki ulikuwa malipo. Deni halijalipwa mpaka mdai aseme limelipwa. Baba wa binti aliyeletewa uki mwepesi, wenye asali ya kudokoa, alikuwa ameletewa dharau, na alikuwa na kila sababu ya kusema hivyo mbele ya mashahidi. Wazee waliokuwa wakimpokea mtu katika ngazi yao walikuwa na haki ya kuona kama anachotoa kinalingana na anachoomba. Mlipaji naye alijua hivyo tangu siku ya kurina asali, na hapo ndipo ubora unapozaliwa: katika kujua kwamba kuna mtu ataonja, na kwamba mtu huyo anaweza kusema hapana.

Kuna desturi nyingine, inayojulikana katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ya mwenye pombe kuonja kwanza mbele ya wageni kabla ya kuwapa. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni kinga dhidi ya sumu na uchawi, na ndivyo ilivyo. Lakini ilikuwa na kazi ya pili. Mpishi aliyetangulia kunywa aliiweka heshima yake mezani. Hakuweza tena kusema kwamba hakujua. Watu wa pwani wana methali kuhusu mgema anayesifiwa akalitia tembo maji. Methali hiyo inadhani kwamba yupo mnywaji anayelijua tembo lililotiwa maji akilionja, na inamwonya asiache kuhukumu hata kwa mgema aliyemzoea. Hekima hiyo ilikuwa na maana katika mji au kijiji ambako mgema na mnywaji walionana kesho yake.

Wapo watakaonipinga hapa, na pingamizi lao si dogo. Justin Willis, mwanahistoria Mwingereza, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameonya kwamba simulizi ya zama ambazo wazee peke yao walikunywa, tena kwa kiasi na kwa adabu, imetoka kwa wazee wenyewe. Walikuwa wakidai mamlaka yaliyokuwa yakiwaponyoka, na walizipaka rangi zama zilizopita ili kuwashutumu vijana wa wakati wao. Nalikubali onyo hilo. Sina shaka kwamba vijana walikunywa kwa siri, kwamba wazee walilewa wakagombana, na kwamba wanawake waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya nyumba hawakugawiwa sehemu kubwa ya heshima. Hata hivyo, hoja yangu haitegemei wazee kuwa watakatifu. Inategemea jambo dogo zaidi: kwamba pombe ilipita mikononi mwa mpokeaji mwenye nguvu za kutosha kuikataa. Mzee mlevi, mwenye choyo na mwenye kujipendelea bado ni mwonjaji mkali. Pengine ni mkali kuliko mzee mpole. Kanuni iliyovunjwa mara kwa mara bado ni kanuni, na kuivunja kwenyewe kunaonyesha watu walijua mpaka uko wapi.

Pingamizi la pili linasema kwamba wazee walipima cheo, hawakupima ladha, na kwamba kulinganisha baraza la nzama na meza ya waamuzi wa bia ni kulazimisha. Wanaosema hivyo wanadhani kwamba Ulaya ilianza na ladha tupu, iliyotengwa na cheo. Historia ya mvinyo wa shayiri inawakanusha. Xenofoni, askari na mwandishi wa Kigiriki, alikikuta kinywaji cha shayiri katika vijiji vya Armenia karibu na mwaka 400 kabla ya Kristo, kikinywewa kwa mirija kutoka kwenye vyombo vikubwa, kikali mno kisipotiwa maji. Alikutana nacho huko ambako alimketisha mkuu wa kijiji kula naye mezani pake. Katika Uingereza ya karne ya 18 bia nzito kuliko zote zilipikwa majumbani mwa mabwana wenye ardhi, mara nyingi mwezi wa Oktoba, na nyingine zilipikwa siku mrithi alipozaliwa zikafunguliwa alipotimiza miaka 21. Mfanyakazi wa shamba alipewa bia nyepesi. Kampuni ya Bass ya Burton upon Trent ilipoibandika bia yake ya No. 1 jina la mvinyo wa shayiri, ilikuwa ikiuza kumbukumbu ya nyumba hizo za kifahari kwa watu wa mjini. Ladha ya kinywaji kikali imelelewa na cheo huku na huku. Tofauti ni kwamba Waingereza waliendelea kuonja hata cheo kilipoondoka, na sisi tukakatizwa njiani.

Ukatizaji huo ulianza na karatasi. Amri ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu wa serikali uwezo wa kuzuia na kuwekea mipaka upikaji na unywaji wa pombe katika maeneo yao, na uwezo huo ukaendelea kuishi ndani ya Sheria ya Machifu ya Kenya huru kwa miongo mingi. Tangu hapo mtu aliyetaka kupika kwa ajili ya ndoa au mazishi alimwendea chifu kuomba ruhusa. Ofisa wa serikali alikuwa na maswali yake: nani anapika, siku gani, kiasi gani, watakuja watu wangapi. Hakuuliza kuna asali kiasi gani ndani yake. Halikuwa swali la kazi yake. Aliogopa fujo, kodi isiyolipwa na vibarua wasioamka asubuhi. Polepole pombe ikawa na sifa mbili tu machoni pa sheria, iliyoruhusiwa na isiyoruhusiwa, na uki wa asali safi uliopikwa bila kibali ukawa kosa, huku uki wa hovyo wenye kibali ukawa halali. Mamlaka ya kuikubali pombe yalihama kutoka kwa anayeonja yakaenda kwa asiyeonja. Wakati huohuo mjini Nairobi, ambako Wakamba wengi walikwenda kutafuta kazi, manispaa ilifungua ukumbi wake wa pombe Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1922 ndugu George na Charles Hurst wakaanzisha kiwanda cha bia Ruaraka. Mnywaji wa Pumwani alilipa senti zake kabla ya kunywa. Asiyependa alichopewa alikuwa amekwisha kupoteza pesa.

Sukari ya dukani ilimaliza kazi iliyoanzwa na kibali. Viwanda vya sukari vilipoenea nchini kuanzia miaka ya 1920, sukari nyeupe na sukari guru zikafika kwenye kila soko, na mpishi akapata njia ya kutengeneza alkoholi bila kungoja nyuki wala muwa. Kinachouzwa leo Ukambani kwa jina la kaluvu mara nyingi ni maji, sukari na tunda la mwegea, na asali kidogo au hakuna kabisa. Nguvu ipo, maana chachu haibagui. Kilichoondoka ni harufu ya maua, ya nta na ya moshi, na ule unene unaokaa ulimini. Wapishi wasilaumiwe upesi. Wengi wao ni wanawake wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo, wanaomwuzia mteja asiye na pesa ya asali, chini ya hatari ya kuvamiwa na kumwagiwa mtungi mzima. Mtu anayeweza kupoteza pombe yote usiku mmoja hawezi kuweka ndani yake asali ya bei ghali. Msako wa polisi, kwa namna hii, unaiadhibu pombe nzuri kuliko mbaya, kwa kuwa pombe nzuri ndiyo inayotia hasara kubwa ikimwagwa.

Tofauti ya nchi jirani inatufundisha. Ethiopia nayo ina kinywaji kikali cha asali, tej, kinachotiwa majani na vijiti vya gesho badala ya tunda la mwegea. Tej ilikuwa kinywaji cha wafalme na makabaila kabla ya kushuka kwa watu wote, na iliposhuka ilipata nyumba zake za kuuzia, chupa yake ya kioo yenye shingo ndefu, na wateja wanaojua kutofautisha nyumba yenye asali na nyumba yenye sukari. Udanganyifu wa sukari upo Addis Ababa pia. Lakini mnywaji wa Addis hunywa hadharani, hulinganisha, na akidanganywa leo huenda nyumba ya pili kesho. Leo waamuzi wa Marekani wanaitaja tej katika miongozo yao ya mvinyo wa asali. Uki hauna upungufu wowote wa asili ulioufanya usifike hapo. Ulikosa meza ya wazi.

Matokeo ya kuondoa meza hiyo yameandikwa kwa vifo. Sheria ya mwaka 1980 ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, haikuimaliza chang'aa. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mwezi Juni 2005 balaa hilo likaja Ukambani kwenyewe, Machakos, likaua zaidi ya watu 40. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwa miongoni mwao. Hapa lazima nijibu swali ambalo msomaji makini ataliuliza: je, ulimi wa mzee ungeitambua methanoli? Hapana. Methanoli haina ladha ya kumtahadharisha mnywaji, na yeyote anayedai kuigundua kwa kuonja anahatarisha maisha ya watu. Kazi hiyo ni ya maabara, na Shirika la Viwango la Kenya linahitajika. Ila methanoli iliyoua watu hao haikutoka kwenye asali iliyochacha, ambayo hutoa kiasi kidogo mno kuweza kuua. Ni ya viwandani, iliyotiwa na wafanyabiashara ndani ya pombe isiyojulikana imepikwa wapi. Baraza la zamani lilihukumu kwa ulimi, na pia lilihukumu kwa kumjua mpishi, mzinga ulikotoka asali, na jirani aliyesaidia kukamua. Sumu ya pipa ilipata nafasi pale pombe ilipokosa mwenyewe.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana zaidi kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho, ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango. Lilikuwa badiliko la busara kuliko watu wengi wanavyolipa sifa. Hata hivyo, viwango vinatuambia kinywaji kipi hakitaua. Havituambii kipi ni kizuri, wala havipaswi kupewa kazi hiyo.

Linabaki pingamizi la kanisa, ambalo Ukambani haliwezi kupitwa kimyakimya. Africa Inland Mission ilianzia kazi yake Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, na tangu mwanzo iliwataka waumini wake waache pombe kabisa. Familia nyingi za Kitui na Makueni zinaushukuru msimamo huo, na zina sababu: mshahara uliofika nyumbani, mke asiyepigwa, ada iliyolipwa. Kwa wanaochagua kutokunywa sina neno ila heshima. Ninachoomba wakione ni kwamba walipoondoka mezani waliondoka watu waangalifu kuliko wote, na meza haikuondoka pamoja nao. Pombe iliendelea kupikwa, ikanywewa na watu wasiokuwa na wa kuwauliza. Kuihukumu pombe hakumaanishi kuibariki. Uki wa asali ya kweli ni ghali, unapatikana baada ya kurina, na unanywewa kwa kiasi kwa sababu hautoshi. Haufundishi ulevi wa kila jioni kama kikombe cha sukari iliyochacha kinavyofanya.

Je, tuichukue ile karatasi ya alama 50 tuiweke mbele ya uki? La, si kama ilivyo. Mwonjaji wa mvinyo wa shayiri akikuta ukali wa asidi, anaandika kasoro. Katika uki asidi kidogo ndiyo inayoushika utamu wa asali usichoshe. Akikuta kinywaji bado kinatoa mapovu ya chachu na kimejaa mawingu, anapunguza alama. Uki uliotulia ukawa kama maji ya chupa pengine umepitwa na wakati wake. Yeye husifu ladha za zabibu kavu na sukari iliyoungua zinazokuja na miaka ya kuhifadhiwa, ambazo uki hauna muda wa kuzipata. Lakini kanuni yao ya msingi ni sahihi na inatufaa: kila kinywaji huhukumiwa kwa kile kinachokusudia kuwa. Uki unahitaji maelezo yake wenyewe, yaandikwe na watu wanaoujua. Yangesema kwamba harufu iwe ya asali kwanza, kisha nta na moshi wa mbali. Kwamba uchungu wa tunda usikike mwishoni na usitawale, kwa kuwa uchungu mwingi ni dalili ya tunda lisiloandaliwa vizuri. Kwamba joto la alkoholi lishuke kifuani bila kuunguza koo. Na kwamba utamu mtupu usio na harufu yoyote ni ushahidi wa sukari ya dukani. Maelezo haya ni pendekezo langu, na wapishi wa Matinyani wana haki ya kuyarekebisha mstari kwa mstari.

Muda wa kuyaandika si mrefu, kwa kuwa waliokunywa uki wa asali tupu kabla sukari haijatawala ni wazee sana sasa. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti leseni za vileo, na Kitui ni kaunti ya asali inayojulikana Kenya nzima. Serikali ya Kaunti ya Kitui haihitaji sheria mpya kutoka Nairobi ili kufanya jambo hili: itoe leseni ndogo, ya gharama nafuu, kwa mpishi wa uki wa asali anayetaja jina lake na chanzo cha asali yake, ipeleke sampuli maabara, na mara moja kila msimu wa kurina iwaketishe wazee na wapishi, wanawake kwa wanaume, mbele ya vibuyu visivyo na majina, waonje na waseme wazi kipi kimefaa na kipi kimekataliwa. Ianzie Matinyani, msimu huu wa asali unaokuja.